Droo Kifuani: Wasurealisti na Washonaji wa Paris, 1927–1940

Vitabu vingi vinavyogusa mitindo ya Paris kati ya vita viwili vya dunia husimulia habari hii kwa mstari mmoja ulionyooka: wachoraji waliota, washonaji wakaiga. Salvador Dalí alichora kambakoche, Elsa Schiaparelli akamweka kwenye gauni. Dalí alichora mwili wenye droo, Schiaparelli akashona koti lenye mifuko ya umbo la droo. Katika simulizi hilo sanaa iko juu, mshono uko chini, na kinachoteremka ndicho kinachoitwa ushawishi. Sura hii inaupinga mstari huo. Ushawishi ulikuwapo, tena mkubwa, na hakuna awezaye kuukana. Lakini ulipita njia mbili, na ulipofika kwenye nguo ulifanya jambo ambalo turubai haikuliweza. Picha ikiwa ukutani hutazamwa tu. Nguo huvaliwa na mtu mwenye macho yake, mdomo wake, na miguu ya kumtoa chumbani akichoka kutazamwa. Ndiyo maana naziona kazi bora za Schiaparelli za miaka ya 1930 kuwa majibu kwa ndoto za wasurealisti, wala si nakala zake.

Tuanze na wasurealisti wenyewe. André Breton, aliyechapisha ilani ya kwanza ya kundi hilo mjini Paris mwaka 1924, alikuwa mwanafunzi wa udaktari aliyewahudumia askari walioathirika akili katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliyoyasikia hospitalini, pamoja na aliyoyasoma kwa Sigmund Freud, yalimwaminisha kwamba akili iliyo macho ni sehemu ndogo tu ya mtu, na kwamba sanaa ya kweli ingetoka kwenye ndoto, kwenye bahati nasibu, na kwenye kukutanishwa kwa vitu visivyohusiana kabisa. Sasa tazama ni vitu gani walivikutanisha. Giorgio de Chirico, waliyemheshimu kama mtangulizi wao, alikuwa akichora midoli ya mafundi cherehani, isiyo na nyuso, tangu miaka ya vita. Man Ray, Mmarekani ambaye baba yake alikuwa fundi nguo, mwaka 1920 alitengeneza kazi ambayo ndani yake cherehani imefunikwa blanketi na kukazwa kwa kamba, hata mtazamaji akabaki kukisia kilichomo. Mwaka uliofuata alichukua pasi akaigandisha safu ya misumari kwenye uso wake. Pasi ya namna hiyo ikipita juu ya gauni italichana. Cherehani, pasi, mdoli wa kupimia nguo: vyote ni vyombo vya karakana ya mshonaji. Sanaa hii ilikuwa imekwisha kukopa kwenye nguo kabla nguo hazijaanza kukopa kwake, na mtu akilisahau hilo atashangaa bure kuona njia ya kurudi ilifunguka upesi kiasi gani.

Aliyeipita njia hiyo kwa ujasiri kuliko wote hakuwa amefundishwa ushonaji. Elsa Schiaparelli alizaliwa Roma mwaka 1890 katika ukoo wa wasomi. Baba yake, Celestino, alikuwa mtaalamu wa Kiarabu, na baba yake mkubwa, Giovanni, ndiye mwanaastronomia aliyechora ramani maarufu ya mistari aliyoiona kwenye sayari ya Mirihi. Elsa mwenyewe alitoa diwani ya mashairi akiwa kijana, akaolewa, akahamia New York, ndoa ikavunjika na kumwachia binti mchanga. Huko New York alifahamiana na Gabrielle Picabia, Man Ray na Marcel Duchamp, na alipohamia Paris mwaka 1922 alifika akiwajua watu wa sanaa kuliko watu wa mkasi na uzi. Kazi iliyomtambulisha ilikuwa sweta la mwaka 1927, jeusi, lenye utepe mweupe uliofungwa fundo shingoni. Ila utepe wenyewe haukuwapo. Ulikuwa umefumwa ndani ya sweta kama picha, kwa uzi wa rangi nyingine, na mafundi Waarmenia waliojua kufuma nyuzi mbili pamoja ili sweta lisilegee likapoteza umbo. Jicho liliona utepe, mkono ukakuta sufu tupu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1929, Mbelgiji René Magritte alichora kiko na kukanusha, kwa maandishi ndani ya picha hiyohiyo, kwamba ni kiko. Sidai kwamba Magritte aliwahi kuliona sweta lile. Ninachodai ni kwamba swali la picha na kitu, ambalo leo tunalifundisha kama mali ya wachoraji, lilikuwa tayari linatembea mitaani kwenye vifua vya wanawake.

Ushahidi wenye nguvu zaidi kwamba njia ilikuwa na pande mbili ni bangili. Meret Oppenheim, msanii kijana aliyekuwa akitafuta riziki Paris, alibuni bangili ya bomba la shaba lililofunikwa manyoya, na Schiaparelli akaichukua kwa ajili ya mitindo yake. Mwaka 1936 Oppenheim alikuwa ameivaa alipoketi na Pablo Picasso na Dora Maar kwenye Café de Flore. Picasso akasema kwamba kitu chochote kingeweza kufunikwa manyoya. Oppenheim akajibu kwamba hata kikombe na kisahani chake vingewezekana. Akanunua kikombe, kisahani na kijiko, akavivisha ngozi ya swala yenye manyoya. Kazi hiyo ilionyeshwa Paris mwaka huohuo, kisha ikavuka bahari hadi kwenye maonyesho makubwa ya jumba la makumbusho la sanaa za kisasa la New York, na mpaka leo, mtu akitaka kumweleza mwenzake usurealisti kwa kitu kimoja, mara nyingi huonyesha kikombe hicho. Kikombe kilizaliwa na bangili, na bangili ilikuwa bidhaa ya nyumba ya mitindo. Hapo mwelekeo uliozoeleka umepinduka kabisa.

Kuna mifano mingine. Desemba 1933 jarida la Minotaure lilichapisha makala ya mshairi Tristan Tzara juu ya kofia za wanawake. Tzara aliona katika mikunjo na mipasuo ya kofia hizo alama za mwili na za tamaa zisizosemwa. Picha zilizoandamana na makala zilipigwa na Man Ray, na kofia zilizomo zilikuwa za Schiaparelli. Angalia mpangilio: kofia zilitangulia, nadharia ikafuata. Mambo yakaja kugeuka tena kwenye glavu. Mwaka 1935 Man Ray alipiga picha ya mikono ambayo Picasso alikuwa ameipaka rangi hadi ikafanana na glavu. Katika msimu wa baridi wa 1936–37 Schiaparelli akatoa glavu nyeusi za ngozi laini, zenye kucha nyekundu za ngozi ya nyoka juu ya ncha za vidole. Mchoraji alikuwa ameufanya mkono uwe glavu, naye mshonaji akaifanya glavu iwe mkono. Kuita hilo uigaji ni kutosikiliza. Mmoja amesema, mwingine amemjibu kwa lugha yake mwenyewe, na jibu lina makali kuliko kauli iliyotangulia, kwa sababu mkono uliopakwa rangi husuguliwa ukatakata, bali mwenye glavu zile huingia nazo karamuni, akashika glasi, akapeana mikono na watu.

Lakini mfano ninaouona kuwa kiini cha jambo lote ni ule wa droo. Mwaka 1936 Dalí alichukua nakala ya plasta ya Venus de Milo, sanamu mashuhuri ya Kigiriki iliyoko Louvre, akaikata droo kwenye paji la uso, kifuani, tumboni na gotini. Maana yake haikujificha. Mwili wa mwanamke umefanywa kabati. Siri zake zimo ndani, na anayetaka kuzijua atavuta. Venus hana mikono ya kumzuia mtu. Mwaka huohuo Dalí na Schiaparelli walitengeneza suti na makoti yenye mifuko ya umbo la droo, na vifungo vilivyofanana na vishikio vyake. Cecil Beaton alizipiga picha kwa ajili ya Vogue katika mandhari tupu kama ya michoro ya Dalí mwenyewe. Kwa mbali ungedhani mshonaji ametekeleza agizo la mchoraji. Sogea karibu uone alichokiongeza: baadhi ya droo hizo ni mifuko ya kweli, nyingine ni za bandia. Anayetazama hawezi kujua ipi inafunguka na ipi imeshonwa ikafungwa. Anayejua ni mwenye koti. Kwa mbinu hiyo moja ya kifundi, madaraka yamehama. Siri ambayo kwa Dalí ilingoja mkono wa mwingine sasa inalindwa na yuleyule aliyeibeba, naye anaweza kutia mkono mfukoni mbele ya watu wote na kuwaacha wakikisia.

Mambo yalikuwa hivyo hivyo kwa kofia ya kiatu ya msimu wa baridi wa 1937–38. Chanzo chake ni picha ya mwaka 1933, ambamo Dalí ameweka kiatu cha mkewe, Gala, juu ya kichwa chake. Kiatu cha kike katika fikra za Dalí kilikuwa chombo cha tamaa, na pale alikuwa akiichezea tamaa yake mwenyewe. Kofia ya Schiaparelli ilikipindua kiatu juu chini, kisigino kikielekea mbinguni, ikamkabidhi mwanamke akivae kama taji. Gala mwenyewe aliivaa, na Schiaparelli, na Daisy Fellowes, mrithi wa utajiri uliotokana na cherehani za Singer. Ilivaliwa na suti nadhifu ambayo mifuko yake ilitariziwa kama midomo. Tajiri wa cherehani mwenye kiatu kichwani: hata Breton, pamoja na mapenzi yake yote kwa bahati nasibu, asingeweza kupanga vizuri zaidi.

Tofauti ninayoizungumzia ilionekana wazi mwanzoni mwa mwaka 1938, kana kwamba kalenda iliitaka. Januari 17 wasurealisti walifungua maonyesho yao makubwa ya kimataifa katika Galerie Beaux-Arts, Paris. Wageni waliingia kwa kupita kwenye safu ya midoli ya madukani, kila mmoja ukiwa umepambwa na msanii wake, na karibu wasanii wote hao walikuwa wanaume. Mdoli wa André Masson ulivishwa tundu la ndege kichwani, na mdomo wake ukazibwa kwa kitambaa cha mahameli. Naukubali ustadi wake, na bado naona wazi ni nini kilichofanyika pale: ndoto ya mwanamume imepewa mwanamke asiyeweza kusema. Siku 18 baadaye, Februari 4, Schiaparelli alionyesha mitindo yake ya Sarakasi. Humo kulikuwa na gauni jeusi la krepu lenye kiunzi cha mifupa, alilolibuni pamoja na Dalí. Mbavu, uti wa mgongo na mifupa ya mapaja haikuchorwa wala kubandikwa. Mafundi walishona tabaka mbili za kitambaa kwa mistari sambamba, kisha wakasukuma pamba katikati hadi mfupa ukainuka kutoka ndani ya nguo yenyewe. Aliyelivaa alikuwa mzima, mwenye pumzi na mwendo, huku akiwaonyesha watu mifupa ambayo kila mmoja wao anayo chini ya shati lake.

Katika mkusanyiko huohuo kulikuwa na gauni la michaniko, ambalo mimi naliweka juu ya kazi zote za kipindi hiki. Ni gauni refu la rangi nyepesi, lililochapishwa picha za Dalí za ngozi iliyochanika na kuning'inia vipande, nyama ikionekana rangi ya waridi iliyokolea. Linaambatana na shela, na kwenye shela michaniko si picha tena: kitambaa kimekatwa kweli, vipande vikaachwa vikining'inia, na bitana ya waridi ikajitokeza. Jicho linaanza kwenye shela ambako jeraha ni la kweli, linashuka kwenye gauni ambako jeraha ni picha, na halina hakika mpaka uko wapi. Kumbuka mwaka. Uhispania, nchi ya Dalí, ilikuwa ikiungua kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu Julai 1936, na Ulaya nzima ilikuwa ikingoja zamu yake. Kulivaa gauni lile katika usiku wa karamu kulikuwa kuingia kwenye ukumbi wa matajiri ukiwa umevaa kile walichokuja pale kukisahau. Mchoro wa Dalí uliotangulia, wenye mwanamke wa gauni lililochanika na kichwa cha maua, ulikuwa mali ya Schiaparelli mwenyewe. Lakini mwanamke wa mchoro hana uso. Mwanamke wa gauni anao.

Wapo wanaopinga, na pingamizi la kwanza ni la wanaojua ushonaji. Wanasema kwamba usurealisti huu wote ulikuwa pambo: kifungo hapa, tarizi pale, kofia juu. Mkato wa nguo haukuguswa. Mapinduzi ya kweli ya mshono, wanaendelea, yalifanywa na Madeleine Vionnet aliyekata kitambaa kwa mshazari kikaufuata mwili, au na Chanel aliyelifanya vazi la kila siku kuwa la heshima. Hoja hii ina uzito, na ni kweli kwamba suti za Schiaparelli, ukiziondolea droo na midomo, ni suti zenye mabega imara na kiuno kilichobanwa kama nyingi za wakati wake. Ila naona wakosoaji wamegusa siri ya mbinu wakaiita udhaifu. Dalí na Magritte hawakuvunja kanuni za uchoraji kama Picasso alivyofanya. Walichora kwa unadhifu wa kishule, kila kivuli mahali pake, kwa sababu jambo lisilowezekana hushtua pale tu linapokaa ndani ya ulimwengu unaoaminika. Suti yenye mkato wa kawaida ndiyo turubai nadhifu ya Schiaparelli. Droo ikiwa kwenye vazi la ajabu ni ajabu juu ya ajabu, wala haimshtui mtu. Ikiwa kwenye suti ambayo mke wa balozi angeivaa kwenda kula chakula cha mchana, hapo ndipo ndoto inapoingia mjini. Isitoshe, gauni la kiunzi linaukanusha mgawanyo wenyewe: mifupa ile imetokana na ujenzi wa kitambaa, na huwezi kuibandua ukabaki na nguo.

Pingamizi la pili ni la kisiasa, nalo ni zito zaidi. Wasurealisti walitaka mapinduzi. Breton na baadhi ya wenzake walijiunga na chama cha Kikomunisti mwaka 1927, na mwaka mmoja kabla ya hapo Breton na Louis Aragon walivuruga onyesho la baleti mjini Paris kwa vipeperushi, wakiwalaumu Max Ernst na Joan Miró kwa kuichorea mapambo ya jukwaa kampuni ya Diaghilev, burudani ya matajiri. Kama baleti ilikuwa usaliti, basi gauni la karamu ni nini? Juni 1936, mwaka uleule wa suti za droo, mafundi wanawake wa nyumba za mitindo walikuwa miongoni mwa mamia ya maelfu ya wafanyakazi wa Ufaransa waliogoma, na wa kwa Chanel wakamzuia mwajiri wao mlangoni. Mikono iliyoshona ndoto hizi ilikuwa ikidai mshahara na mapumziko. Sitaki kulipunguza hilo. Najibu jambo moja tu: usafi wa soko haukuwapo upande wa wachoraji pia. Wanunuzi wa michoro na wanunuzi wa magauni walikuwa mara nyingi watu walewale. Marie-Laure de Noailles na mumewe, waliolipia filamu ya L'Âge d'or ya Luis Buñuel na Dalí mwaka 1930, walikuwa wa tabaka hilohilo lililoagiza nguo kwenye nyumba ya Schiaparelli, Place Vendôme. Breton mwenyewe aliendesha duka la sanaa mwaka 1937. Nani alilipa ni swali la haki, lakini halituambii kazi ilifanya nini, na linawahusu wote.

Pingamizi la tatu linaigusa hoja yangu mwenyewe: je, kweli mvaaji ndiye aliyesema, au alikuwa tangazo linalotembea? Mei 1937 Beaton alimpiga picha Wallis Simpson kwenye kasri la Candé, wiki chache kabla hajaolewa na Edward, aliyekuwa ameacha kiti cha ufalme wa Uingereza kwa ajili yake. Alivaa gauni jeupe la hariri, jembamba kama la bibi harusi, ambalo kwenye sketi yake amelala kambakoche mkubwa mwekundu aliyechorwa na Dalí. Kwa Dalí mnyama huyo alikuwa ishara ya tamaa za mwili, na mahali alipowekwa, katikati ya mapaja, hapakuchaguliwa kwa bahati. Huenda Simpson alijua, huenda aliona pambo la kiangazi tu. Nakubali kwamba nguo haimhakikishii mvaaji sauti. Inampa nafasi, naye aweza kuiacha ipite. Hata hivyo mwanamke aliyekuwa akitukanwa na magazeti ya nchi nzima alitokea mbele ya kamera akiwa na weupe wa usafi na wekundu wa tamaa kwenye vazi moja, akatazama mbele. Mdoli wa Masson, mwenye mdomo uliozibwa, hakuwa hata na nafasi ya kuipoteza.

Schiaparelli hakuwa peke yake. Mshonaji Charles James alitengeneza mwaka 1937 koti fupi la satini nyeupe lililojazwa manyoya laini ya ndege hadi likafura, na Dalí aliliona kuwa sanamu laini. Jean Cocteau, ambaye Breton hakumpenda kabisa na hakumhesabu kuwa mwenzao, alimchorea Schiaparelli, kwa ajili ya koti, nyuso mbili zinazotazamana, ambazo nafasi kati yake inakuwa chombo cha maua. Majarida ya Vogue na Harper's Bazaar yaliwapa kazi Man Ray na de Chirico. Lakini hakuna nyumba nyingine iliyofanya mazungumzo haya kwa muda mrefu na kwa usawa hivyo, na vita vilipokuja mazungumzo yakakatika. Dalí alikwenda Marekani. Schiaparelli, baada ya kutoa mwaka 1940 mitindo yenye mifuko mikubwa iliyomwezesha mwanamke kutoka bila mkoba, alikwenda pia. Alirudi mwaka 1945, nyumba yake ikafungwa mwaka 1954.

Mwaka 1969 alilipa jumba la makumbusho la Philadelphia sehemu ya kazi zake, na miaka miwili baadaye Cecil Beaton akakusanya nyingine kwa ajili ya maonyesho ya Victoria and Albert Museum mjini London. Bila majumba hayo tusingekuwa na cha kuchunguza. Lakini ndani ya kioo nguo hizi huvalishwa midoli, na nadhani hapo ndipo ule mstari ulionyooka ulipopata nguvu. Gauni la michaniko likisimama bila mtu ndani yake linarudi kuwa mchoro, na mchoro humwita mchoraji. Basi jina la Dalí ndilo linalobaki kwenye kumbukumbu ya mgeni. Vivyo hivyo, koti lenye nyuso mbili za Cocteau lina chanzo katika kalamu yake, lakini nyuzi za dhahabu zilizozijenga nyuso zile zilipitishwa moja moja katika karakana ya tarizi ya Lesage, na mafundi wake ndio walioamua mahali ambapo mstari wa kalamu ungekuwa uzi bapa na mahali ambapo ungeinuka. Maamuzi hayo ni sehemu ya sanaa ya vazi lile sawa na mchoro wake, na mwanahistoria anayeanza na Dalí au Cocteau akaishia kwao hajafika kwenye nguo bado.